Majani Yamegeuka Njano? Usikimbilie Kumwagilia

Wauza maua wenzangu, mteja alinirudishia miche minne, majani njano, yananing'inia. Nikarudisha hela. Kumbe kosa langu: namwagilia kila siku, na makopo sijayatoboa chini!

Siku hizi kabla ya kupiga picha ya kuposti, nachomeka kidole kwenye udongo. Ukiwa umelowa na majani ya chini ni njano, maji yamezidi. Ng'oa mche, kata mizizi iliyooza, panda upya kwenye udongo uliochanganywa na mchanga wa mto, sio wa baharini.

Ncha zikikauka rangi ya kahawia, shuku chumvi. Huku Ufukoni tuko karibu na bahari, onja maji ya kisima kwanza. Ya mvua ni salama zaidi.

Mche ukiwa bado unaumwa, usiuuze. Hela inarudishika, mteja harudi.