Ushindi Uliolipwa Kabla ya Kipimo

Katika soko la dhahabu la Geita, lililofunguliwa mwaka 2019, mchimbaji mdogo haweki gramu zake mezani akaondoka na fedha papo hapo. Dhahabu hupimwa usafi, hupimwa uzito, ndipo bei hutajwa. Riadha haina subira hiyo. Mshindi huvishwa taji mbele ya kamera, na kipimo cha kumvua kinaweza kuja miezi mingi baadaye. Ndivyo ilivyokuwa kwa Rita Jeptoo wa Kenya.

Jeptoo alishinda marathoni ya Boston mwaka 2006, kisha akarudi kwa kishindo: Boston na Chicago mwaka 2013, Boston na Chicago tena mwaka 2014. Aprili 2014 alimaliza Boston kwa saa 2:18:57, rekodi mpya ya wanawake katika mbio hizo. Mwezi Novemba alikuwa akabidhiwe New York dola 500,000 za bingwa wa mfululizo wa marathoni kubwa duniani.

Hafla ya kumkabidhi iliahirishwa. Siku chache kabla yake ilitangazwa kwamba sampuli aliyotoa Kenya tarehe 25 Septemba, nje ya mashindano, ilikuwa na EPO ya maabara, dawa iliyopigwa marufuku michezoni.

EPO si sumu wala kitu kigeni mwilini. Ni homoni inayotolewa na figo, nayo huuamuru uboho wa mifupa kutengeneza chembe nyekundu za damu, zile zinazobeba oksijeni. Mkimbiaji wa Shinyanga, mji ulio kwenye mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, akihamia Iten kwenye mita 2,400, atahema kwelikweli siku za mwanzo. Hewa ikiwa nyepesi, figo huongeza EPO, na baada ya wiki kadhaa damu huwa na chembe nyingi zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ile ya maabara iliingia hospitalini kuwasaidia wagonjwa wa figo waliopungukiwa damu. Wanamichezo nao hawakukawia kuigundua: sindano iliwapa kile ambacho mlima huwatoza kwa jasho. Gharama yake ni damu kuwa nzito, na damu nzito huweza kuganda ndani ya mishipa.

Kuikamata EPO ya maabara ni kazi. Kipimo cha mkojo kilianza kutumika kwenye Olimpiki ya Sydney mwaka 2000, lakini dalili za dawa hufifia ndani ya siku chache, huku miguu ikiendelea kufaidi chembe zilizokwisha kuzalishwa. Mwanariadha anaweza kushinda, akapimwa siku hiyohiyo, na asikutwe na kitu. Ndiyo sababu wapimaji hubisha hodi mazoezini bila taarifa, na tangu mwaka 2009 rekodi ya damu ya mwanariadha hufuatiliwa kwa miaka, ili mabadiliko yasiyo ya kawaida yaonekane hata dawa ikishatoweka.

Jeptoo alikanusha. Maelezo yake yalikuwa kwamba huenda aliingiziwa dawa hiyo hospitalini alipotibiwa baada ya ajali ya barabarani. Chama cha riadha cha Kenya kilimfungia miaka miwili. Oktoba 2016 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, baada ya kuyakataa maelezo hayo, iliifanya adhabu kuwa miaka minne na kufuta matokeo yake yote kuanzia tarehe 17 Aprili 2014, siku nne kabla ya Boston.

Kwenye karatasi, basi, bingwa wa Boston 2014 akawa Buzunesh Deba wa Ethiopia, kwa saa 2:19:59. Fedha za ushindi wa Boston hazikumfuata. Zilikuwa zimeshalipwa kwa Jeptoo, na waandaaji walitaka kwanza kuzirejesha kutoka kwake. Deba alisubiri takriban miaka kumi, hadi mfadhili binafsi alipomlipa dola 75,000 mwaka 2024. Muda wake ulibaki kuwa rekodi ya wanawake ya Boston hadi Aprili 2025, Sharon Lokedi wa Kenya alipoivunja kwa saa 2:17:22.