"NA NANI?": SWALI LA UANDAMANI KATIKA KISWAHILI NA KIHISPANIA

Miongoni mwa maswali yasikikayo kila siku kwenye feri ya Likoni, au katika vituo vya matatu vya Kisauni na Changamwe, ni yale ya uandamani: "Wenda na nani?", "Wakaa na nani?" Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali hili, ingawa ni jepesi kulitamka, humtatiza alihamishiaye katika Kihispania, na kwamba chanzo chake ni mzigo wa neno *na*.

Kwanza, umbo. Kihispania hutanguliza kihusishi na kiulizi: *¿Con quién vives?* Kiswahili, kwa kawaida, huviweka baada ya kitenzi. Katika jibu, Kiswahili huambatisha *na* kwenye kiwakilishi cha kila nafsi: nami, nawe, naye, nasi, nanyi, nao. Kihispania cha leo kina *conmigo*, *contigo* na *consigo* tu. Kwingineko husemwa *con él*, *con nosotros*. Tena *conmigo* hubeba uandamani mara mbili, kwani *-go* ni masalio ya *cum* katika *mecum* ya Kilatini.

Pili, maana, na hapa ndipo penye uzito. Mifano ifuatayo itazamwe:

(1) Mtoto alipelekwa ng'ambo na nani?
(2) Alipelekwa na dada yake.

Jibu la (2) lina maana mbili: ama dada ndiye aliyempeleka, ama dada naye alipelekwa. Kihispania hutenga maana hizo: *por* kwa mtenda, *con* kwa mwandani. Mfasiri wa ushahidi achaguaye *con* bila kuuliza huenda akazidisha watoto. Achaguaye *por* huenda akamtwika dada tendo asilolitenda. Penye mtoto aliyepotea, kosa hilo si la sarufi pekee.

Isidhaniwe kwamba Kiswahili kina upungufu. Msemaji aweza kuuliza, "Ni nani aliyempeleka?" au "Alifuatana na nani?", na utata ukaondoka. Wala Kihispania hakikosi utata wake: katika baadhi ya sehemu za Amerika ya Kusini, *fuimos con Juan* yaweza kuhusu watu wawili tu, sawa na "tulikwenda na Juma".

Kwa hiyo, haifai kumfundisha mwanafunzi kwamba *na* ni *con*. Yafaa azoezwe kuuliza kwanza: nani mtenda, na nani mwandani?