Fidia ya Mtu Aliyeumia Kazini
Kila asubuhi watu wengi wa Kaloleni, Makongeni na Bahati huenda kazini katika viwanda vya Nairobi. Mmoja wao akikatwa vidole na mashine, Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 humpa haki ya fidia.

Yampasa amwarifu tajiri wake upesi. Tajiri naye ana siku 7 za kumpelekea habari Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, na gharama za matibabu ni juu yake.

Asiyeweza tena kazi yoyote huhesabiwa mshahara wa miezi 96. Aliyepoteza kidole hupata sehemu yake, kwa kadiri ya ulemavu. Madai ya ajali yapelekwe kabla ya miezi 12 kupita. Mtu asitie kidole gumba katika hati asiyoifahamu.