Filimbi Isiyomwudhi Jirani
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wengi wenu mmekwisha kusikia habari za filimbi yangu, na baadhi yenu mliisikia filimbi yenyewe zaidi ya mlivyopenda. Kwa hiyo naona yanipasa kueleza katika gazeti letu hili jinsi nilivyopata njia ya kujifunza kuipiga bila kumwudhi mtu. Huenda mwingine mwenye chombo kama hiki, au mzazi mwenye mtoto wa namna yangu, akafaidika.

Filimbi hii ni ya bati, ina matundu sita, na nilipewa na babu yangu akaaye upande wa Masoko. Yeye, kama vijana wengi wa Rungwe wa siku zile, alikwenda kufanya kazi migodini Afrika ya Kusini katika miaka ya 1950. Wakati ule vijana wa Johannesburg walikuwa wakipiga filimbi za namna hii barabarani, muziki uitwao kwela, na mmoja wao, Spokes Mashiyane, alipata sifa kubwa kwa sahani zake za santuri. Baadaye jirani zetu wa Malawi nao walikuwa na mpigaji hodari, Donald Kachamba. Babu alirudi nyumbani na blanketi, sanduku na filimbi. Blanketi limekwisha, sanduku limeliwa na kutu, lakini filimbi aliipaka mafuta kila mara, nayo ingali nzima.

Nilikuja nayo shuleni mwanzo wa muhula. Jioni moja, baada ya chakula, niliketi kitandani nikaanza kupiga. Kama mjuavyo, kuta za ndani za bweni letu hazifiki juu. Kati ya ukuta na mabati mna nafasi, na sauti hupita hapo kama moshi. Chumba cha tatu kutoka changu alilala mwenzetu wa Kidato cha Nne mwenye malaria, amemeza dawa, naye alikuwa akiutafuta usingizi tangu mchana. Mimi sikujua. Wala sikuuliza, na hilo ndilo lililokuwa kosa langu. Mara kiranja akaingia, akanyoosha mkono bila kusema neno, nami nikampa filimbi.

Asubuhi nilimwendea mwalimu wa bweni. Akaniambia, "Kijana, sikukatazi muziki. Nakukataza kumwamsha mgonjwa. Kila Jumamosi mchana utakuja kuichukua ukafanye majaribio uwanjani. Siku utakaponionyesha kuwa waweza kuipiga na mwenzako akalala, nitakurudishia."

Basi nikaanza kutafuta. Jaribio la kwanza lilikuwa lile ambalo kila mtu angelifikiri, yaani kupuliza polepole. Halikufaa. Nilipopunguza pumzi, sauti ilishuka ikawa si ile niliyoitaka, na zile sauti za juu zilikataa kabisa kutoka.

Jaribio la pili, nilitia kitambaa katika mwisho wa filimbi. Hilo nalo halikufaa. Sauti ya chini kabisa iliharibika, lakini nyingine zilitoka kwa nguvu kama zamani.

Jaribio la tatu lilitokana na shauri la rafiki zangu. Walisema, "Kelele hizi ni za bati. Tengeneza ya mwanzi, itakuwa na sauti laini." Mianzi si haba kwetu, na wazee wetu waliijengea nyumba. Nilikata kipande chenye upana wa ndani sawa na filimbi yangu, nikakitoboa matundu, nikakichonga mdomo, nikakitia kizibo. Kazi hiyo ilinichukua Jumamosi mbili. Nilipopuliza, mwanzi ulilia kwa nguvu sawa na bati!

Ndipo nilipokwenda kwa mwalimu wetu wa fizikia, ambaye ningalimwendea tangu mwanzo. Alicheka, kisha akanieleza kwamba mwaka 1971 Mmarekani mmoja, John Coltman, alijaribu jambo hili kwa zumari tatu za kipimo kimoja, moja ya fedha, moja ya shaba na moja ya mti. Wasikilizaji hawakuweza kuzitofautisha kwa masikio yao. Kilichotetemeka na kutoa sauti kilikuwa hewa iliyomo ndani ya bomba, wala si bomba lenyewe.

Kisha akanionyesha jinsi filimbi inavyofanya kazi. Karibu na mdomo mna kidirisha kidogo chenye ukingo mkali. Ukipuliza, pumzi hupita katika mfereji mwembamba, hutoka kama utepe, na kuupiga ukingo ule. Utepe huo huchezacheza, mara ndani mara nje ya ukingo, na kuitetemesha hewa ya bombani. Kasi ya pumzi ndiyo husaidia kuamua sauti itakayotoka. Pumzi ya polepole hutoa sauti za chini, na pumzi ya haraka hutoa zile za juu. Ndiyo sababu mpiga gitaa aweza kugusa uzi polepole na sauti ikabaki ile ile, lakini mpiga filimbi hawezi kufanya hivyo. Akipunguza pumzi, hupoteza wimbo wake.

Tena alinieleza kwa nini filimbi huudhi kuliko ngoma ndogo. Filimbi ya kawaida ya sauti ya D huanza na mitetemo 587 kwa sekunde, ikapanda hata 2,300 na zaidi. Sikio la binadamu husikia kwa wepesi zaidi mitetemo iliyo kati ya 2,000 na 5,000. Kwa hiyo sauti zake za juu kabisa huangukia pale pale ambapo sikio ni kali. Chombo cha barabarani hakika!

Nikamwuliza, "Sasa nifanyeje, Mwalimu?" Akanijibu, "Pumzi iache iwe na kasi yake, lakini isiupige ukingo wote." Akachukua kipande chembamba cha selotepu, akakibandika upande mmoja wa kidirisha, kwa urefu wa filimbi, kikafunika kiasi cha theluthi moja ya upana wake. Sehemu ile iliyofunikwa haikutoa kitu. Sehemu iliyobaki ilitoa wimbo ule ule, kwa sauti ya chini chini.

Jumamosi iliyofuata tulipima uwanjani. Bila selotepu, rafiki yangu aliisikia filimbi vizuri akiwa hatua 200. Nilipoibandika selotepu, akiwa hatua 60 alikuwa hana hakika kama napiga ama sipigi. Ni kweli kwamba sauti hushuka kidogo, na zile za juu huwa ngumu kutoka. Kwa hiyo dawa hii haifai ukitaka kupiga pamoja na wenzako. Lakini kwa kujifunza peke yako yatosha sana, na ukiibandua selotepu filimbi hurudi kama ilivyokuwa. Usikate bati wala usilikunje, maana hapo hutaweza kurudi nyuma.

Siku ya mtihani wangu ilipofika, mwalimu wa bweni alisimama mlangoni, na aliyechaguliwa kuwa mwamuzi ni yule yule mwenzetu aliyekuwa mgonjwa, ambaye sasa amepona. Alilala kitandani mwake, mimi nikaenda chumbani kwangu, nikageukia blanketi nililolitundika ukutani, nikapiga wimbo mmoja mara mbili. Baada ya kitambo nikamsikia akiita, "Ndugu, utaanza lini?" Bweni zima likacheka. Nikapiga mara ya tatu, nikapanda sauti za juu. Hapo akasema, "Hizo nazisikia. Ni kama mbu."

Kwa neno hilo la mbu nimejiwekea taratibu tatu. Kwanza, bwenini napiga sauti za chini tu, na selotepu iko mahali pake. Pili, wimbo mgumu najifunza kwa vidole peke yake. Naegemeza filimbi kidevuni, siipulizi, nauimba wimbo moyoni huku vidole vikifungua na kufunga matundu. Vidole hujifunza hata pasipo sauti, na kazi hii yaweza kufanyika hata usiku. Tatu, sauti za juu nazingojea mvua. Hapa Tukuyu mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na inapoyapiga mabati hata mwalimu darasani hunyamaza. Wakati huo nabandua selotepu na kupiga nipendavyo. Siku isiyo na mvua nakwenda mwisho wa uwanja, kwa kuwa mahali pa wazi, umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu ya sauti hubaki robo tu.

Wakati wa likizo nilimweleza babu haya yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mjukuu wangu, sisi tulipiga barabarani, nako hapakuwa na mtu aliyelala. Wewe unakaa na watu. Yafaa uwaulize."

Basi sasa nauliza kwanza. Kabla ya kuitoa filimbi sandukuni, napita vyumba vya jirani kuona kama yuko mgonjwa au mtu aliyelala. Hata hivyo mwanadamu husahau. Kama siku moja filimbi yangu itakufikia wakati usiofaa, ndugu yangu, gonga ukuta mara moja tu. Nitaacha.