Raúl Alfonsín: Wakili Aliyewafikisha Majenerali Mbele ya Sheria

Na Afisa Uhusiano wa Jeshi

Wahenga walisema kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msemo huu twausikia mara nyingi, lakini ni nadra kumwona mtu aliyeushika msumeno huo na kukata kweli pande zote mbili. Katika makala haya tunapenda kuwasimulia wenzetu wa jeshi na wa polisi habari za mtu wa namna hiyo: Hayati Raúl Alfonsín, wakili wa Argentina, Amerika ya Kusini, aliyekuwa Rais wa nchi hiyo tangu mwaka 1983 hadi 1989. Tumemchagua yeye kwa sababu maisha yake yanagusa swali linalomkabili kila mvaa sare: je, amri hutiiwa mpaka wapi?

Alfonsín alizaliwa tarehe 12 Machi, 1927, katika mji mdogo wa Chascomús, kusini ya Buenos Aires. Yafaa ikumbukwe kwamba hakuwa mgeni wa mambo ya kijeshi. Masomo ya sekondari aliyapata katika shule ya kijeshi yenye jina la Jenerali San Martín, mkombozi wa taifa hilo, akahitimu na cheo cha Luteni-usu wa akiba. Lakini badala ya kuendelea na bunduki alishika vitabu vya sheria katika Chuo Kikuu cha La Plata, akafuzu mwaka 1950, akarudi kwao kufanya kazi ya uwakili. Mwaka 1954 alichaguliwa diwani, mwaka 1958 akaingia katika bunge la jimbo, na mwaka 1963 katika Bunge la taifa.

Tarehe 24 Machi, 1976, majeshi yalitwaa serikali. Siku hizo makundi ya waasi wenye silaha yalikuwa yakiua, yakiteka watu na kushambulia kambi. Hapana askari atakayesema kwamba waasi wa aina hiyo waachwe watende wapendavyo. Lakini wakuu wa majeshi hawakufuata njia ya mahakama. Watu walikamatwa usiku pasipo hati, wakateswa katika vituo vya siri, na maelfu hawakuonekana tena. Alfonsín, ambaye mwaka 1975 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa baraza la kutetea haki za binadamu, alipeleka maombi mahakamani kudai waliokamatwa waletwe mbele ya hakimu. Haikuwa kazi ya salama, kwani wako mawakili waliopotea kwa ajili ya kazi hiyo hiyo.

Mwaka 1982 watawala hao waliingia vitani na Uingereza kugombea visiwa vya Malvinas, ambavyo Waingereza huviita Falkland. Taifa lilishangilia; Alfonsín alikuwa mmoja wa wanasiasa wachache waliokataa kushangilia. Baada ya siku 74 Argentina ilishindwa, ikiwa imepoteza watu 649. Kabla ya kuondoka madarakani, wakuu wa majeshi walijitungia sheria ya kujisamehe wenyewe. Alfonsín aliwaahidi wapiga kura kwamba ataifuta. Tarehe 30 Oktoba, 1983, alishinda uchaguzi kwa zaidi ya nusu ya kura zote, na sheria ile ikafutwa kweli.

Siku tatu tu baada ya kuapishwa, alitia sahihi amri mbili. Ya kwanza iliagiza viongozi wa waasi washtakiwe. Ya pili iliagiza makamanda 9 waliotawala tangu mwaka 1976 washtakiwe. Huo ndio msumeno tuliousema. Mario Firmenich, kiongozi wa kundi la Montoneros, alikamatwa nchini Brazil, akarudishwa, na mwaka 1987 akahukumiwa kifungo cha miaka 30.

Ama kuhusu makamanda, jeshi lenyewe lilipewa nafasi ya kwanza ya kuwahukumu. Mnamo Septemba 1984 Baraza Kuu la mahakama ya kijeshi lilijibu kwamba halikuona kasoro katika amri zilizotolewa. Mwezi huo huo tume iliyoongozwa na mwandishi Ernesto Sábato ilitoa taarifa iliyoorodhesha watu 8,961 waliopotea. Basi mahakama ya kiraia ikaichukua kesi. Ilianza tarehe 22 Aprili, 1985, na mashahidi zaidi ya 800 wakasikilizwa. Tarehe 9 Desemba hukumu ilitolewa: Jenerali Videla na Admirali Massera kifungo cha maisha, wengine watatu vifungo vya miaka, na wanne wakaachiliwa kwa kukosekana ushahidi wa kutosha. Hawakupigwa risasi ukutani wala hawakuchomwa na umati. Walikuwa na mawakili, wakajitetea.

Lakini je, wale wa chini waliotekeleza? Tangu mwanzo Alfonsín aliwagawa watu katika mafungu matatu: waliotoa amri, waliopita mipaka ya amri, na waliotii tu. Hapo ndipo ulipomkuta mtihani mkubwa. Wiki ya Pasaka, Aprili 1987, Meja mmoja alikataa kufika mahakamani, na Luteni Kanali Aldo Rico akaishika Shule ya Askari wa Miguu katika kambi ya Campo de Mayo. Vikosi vilivyoamriwa kwenda kuwazima vilikwenda mwendo wa kinyonga, wala havikufika. Wananchi walijaa katika uwanja mbele ya Ikulu. Rais akapanda helikopta, akaenda mwenyewe kambini, akarudi na habari kwamba waasi wameweka silaha chini.

Hata hivyo, mwezi Juni ilipitishwa sheria iliyowaondolea mashtaka maofisa wengi na askari, kwa hoja kwamba walitii amri. Wako waliosema kwamba aliiokoa nchi na umwagaji damu, na wako waliosema kwamba alilegea. Bei za vitu nazo zilipanda kupita kiasi, hata akakabidhi madaraka mwezi Julai 1989, miezi mitano kabla ya wakati wake. Mrithi wake aliwasamehe majenerali na waasi pia.

Lakini sheria haisahau. Mwaka 2003 Bunge liliitangua sheria ile ya kutii amri, na mwaka 2005 Mahakama Kuu kabisa ya nchi ikathibitisha kwamba ilipingana na Katiba. Maofisa waliodhani wamepona waliitwa tena wakiwa wazee. Alfonsín alifariki tarehe 31 Machi, 2009; Videla alifia gerezani mwaka 2013. Naye Luis Moreno Ocampo, aliyekuwa naibu mwendesha mashtaka katika kesi ile ya 1985, ndiye aliyekuwa mwendesha mashtaka wa kwanza wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, iliyotoa hati za kumkamata Joseph Kony na wenzake mwaka 2005.

Ndugu askari, utii ndio uti wa mgongo wa jeshi, nasi hatuna nia ya kuudhoofisha. Lakini amri ya kumtesa mfungwa aliyekwisha nyang'anywa silaha si amri ya kijeshi. Ni jinai iliyovishwa sare. Aliyeitoa huenda akawa amekwisha zikwa siku utakapoulizwa, na jibu litabaki kuwa lako peke yako.