Ndege wa Malelezi: Wageni wa Msimu katika Anga la Eastlands na Majina Yao

Makala haya yanakusudia kueleza tukio linalorudiwa kila mwaka juu ya mapaa ya Umoja, Kayole, Buruburu na Dandora, kati ya katikati ya mwezi wa Machi na mwisho wa Aprili. Tukio hilo ni safari ya kurejea kaskazini ya ndege waliokuja kwetu kukimbia baridi ya Ulaya na Asia. Kwa kuwa jarida hili ni la Kiswahili wala si la elimu ya viumbe, tutauliza pia swali la lugha: je, tunayo maneno ya kulizungumzia tukio hili, au tunalitazama kwa macho ya kuazima?

Tuanze na jina la msimu wenyewe. Vitabu vya Kiingereza huihusisha safari hii na majira ambayo watafsiri wetu wameyaita majira ya kuchipua. Tafsiri hiyo haina kosa kwa mtu aliye Moscow, anayeona theluji ikiyeyuka na majani yakitoka. Kwa mkazi wa Kayole haina maana. Kwake yeye, Machi ni mwezi wa vumbi la mwisho na mawingu ya kwanza ya masika, na ndege anaowaona hawafiki bali wanaondoka. Mwanafunzi anayesoma kwamba ndege "huwasili majira ya kuchipua" anafundishwa habari za anga la watu wengine huku la kwake likipita juu ya kichwa chake.

Ilhali Kiswahili kilikuwa na kalenda inayofaa zamani za kale. Watu wa Pwani waliugawa mwaka kwa pepo. Kaskazi huvuma kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi. Kusi hushika kuanzia Aprili. Na katikati yake kuna siku za pepo zisizotulia, ziitwazo malelezi au tanga mbili. Majahazi ya Omani na Ghuba yaliingia Lamu, Mombasa na Unguja kwa kaskazi na kurejea kwao kwa kusi. Ratiba ya ndege inakaribiana mno na ile ya majahazi: huanza kuingia Kenya kati ya Septemba na Novemba, huondoka Machi na Aprili. Neno msimu lenyewe, lenye asili ya Kiarabu, lilihusu majira hayo ya safari, na ndilo lililowafikia Waingereza kupitia Kireno likawa jina lao la pepo hizo. Kwa hiyo napendekeza tuwaite ndege wa msimu, na wakati wa kuondoka kwao tuuite malelezi. Istilahi "ndege wahamiaji" inapotosha kidogo. Huku Eastlands kuhama ni kupakia kitanda na jiko juu ya mkokoteni mwisho wa mwezi, bila nia ya kurudi. Ndege hawa hurudi.

Sasa tuwatazame wenyewe. Anayejitambulisha mapema zaidi ni keremkerem. Husikika kabla ya kuonekana: sauti laini ya kukwaruza inashuka kutoka juu sana, na ukiinua macho unaona kundi la ndege wenye mabawa yaliyochongoka wakielekea kaskazini bila haraka. Akipita chini utaona koo la manjano, utosi wa hudhurungi na kifua cha samawati. Yaelekea jina lake limetokana na mlio huo, na yeyote aliyelibuni alikuwa na sikio zuri.

Wa pili ni mbayuwayu, ambaye pia huitwa barawai. Yule wa msimu ana koo jekundu na mkia uliogawanyika kama uma, na uzito wake ni kama gramu 20 tu. Hapa uangalifu unahitajika. Wale ndege weusi wenye kiuno cheupe wanaojenga viota vya manyoya na mate chini ya kingo za maghorofa na madaraja yetu si wageni, wala si mbayuwayu. Ni wenyeji wa mwaka mzima. Ndivyo walivyo pia mwewe wanaonyakua vipande vya nyama na korongo wakubwa wenye upara wanaosimama juu ya taka za dampo la Dandora. Tuwaache hapo.

Wa tatu hana jina. Ni ndege mdogo wa kijanikibichi kilichofifia, uzito wake gramu 10 au pungufu, anayeruka kutoka kijiti hadi kijiti katika mijakaranda na migunga akitafuta wadudu. Mwezi wa Aprili, kabla ya kuondoka, huanza kuimba wimbo unaoteremka taratibu na kufifia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba jamii yake izaliayo mashariki ya mbali ya Urusi husafiri kiasi cha kilomita 13,000 kufika Afrika Mashariki. Kiumbe mwenye safari kama hiyo anapita Jericho na Makadara, na Kiswahili cha kila siku kinamwita "kandege".

Hata hivyo, mahali penye utajiri mkubwa kuliko miti ya mitaani ni Ruai, mashariki ya Dandora, kwenye mabwawa ya kusafishia majitaka. Sehemu kubwa ya uchafu wa Nairobi huishia huko. Maji hupita bwawa baada ya bwawa, na bakteria, mwani na jua hufanya kazi ya kuyasafisha. Mwani na viluwiluwi vinavyoongezeka humo ni karamu kwa ndege. Ndiyo sababu mabwawa hayo yamo katika orodha ya maeneo muhimu ya ndege nchini Kenya. Huko hukusanyika mabata kutoka Ulaya na Asia pamoja na ndege wa tope wa namna nyingi, wale ambao watu wa Pwani huwaita kitwitwi kwa jumla. Mwezi wa Machi hula bila kupumzika, kwani baadhi ya ndege wadogo hukaribia kuongeza uzito maradufu kabla ya safari. Manyoya yao pia hubadilika: aliyekuwa wa kijivu mwezi wa Januari huwa mwekundu wa kahawia mwezi wa Aprili, amevaa nguo za harusi ya huko aendako.

Mahali hapa pana historia chungu kwa binadamu pia. Mei 2020, maelfu ya watu walibomolewa nyumba Kariobangi, na baadaye mwezi huohuo ubomoaji ukafika Ruai, kwa hoja kwamba ardhi hiyo ilitengewa mitambo ya majitaka. Ilikuwa wakati wa mvua na wa marufuku ya kutoka usiku. Sioni namna ya kuandika juu ya ndege wa Ruai nikaliruka jambo hilo. Ardhi ya mabwawa inagombewa, na katika ugomvi huo kitwitwi hana wakili, hasa ikiwa hata jirani zake hawajui kwamba yupo.

Hapo ndipo sarufi inapoingia. Katika Kiswahili sanifu tunasema "ndege anaruka" kwa kiumbe na "ndege inaruka" kwa chombo. Katika mazungumzo ya Eastlands upatanisho wa A-WA umelegea, na viumbe wengi huchukua I-ZI: mbwa inabweka, ndege inaruka. Mtaa unaopakana na uwanja wa ndege wa Embakasi na kiwanja cha kijeshi cha Eastleigh unazidi kuichanganya hali hiyo. Mtoto akikuambia "ndege imepita", utadhani ni eropleni. Siwalaumu watoto, wala sidai kwamba Sheng imeua ndege. Nasema tu kwamba kiumbe huyu amepoteza jina lake mahsusi, kisha akapoteza na ngeli inayomtambua kuwa ana uhai.

Walimu wetu wa istilahi wangeanzia Pwani kabla ya kubuni. Keremkerem, kitwitwi, sululu, membe na yangeyange ni maneno yaliyopo, yanayosubiri kutumiwa darasani. Kwa yule wa tatu asiye na jina, uwanja uko wazi, na mlio wake wa Aprili unaweza kuwa mwalimu mzuri kama ulivyokuwa mlio wa keremkerem.

Anayetaka kuwaona apande juu ya ghorofa kuanzia saa kumi jioni katika wiki ya mwisho ya Machi, asikilize kwanza, ndipo atazame. Asiye na uzoefu anaweza kujifunza katika matembezi ya Jumatano asubuhi yanayoanzia Makumbusho ya Taifa, ambayo Fleur Ng'weno aliyaongoza kwa miaka mingi. Ama mabwawa ya Ruai yamo ndani ya eneo la mitambo, na ruhusa hutafutwa mapema.