Warsha za Mtandaoni kwa Walimu wa Kiswahili: Mwongozo kwa Mwezeshaji Mpya wa Kitale na Bungoma

1. Utangulizi

Tangu shule za Kenya zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya maradhi ya korona, mafunzo ya walimu kwa njia ya mtandao yameenea, na hata baada ya madarasa kufunguliwa njia hiyo haikuachwa. Faida yake ni dhahiri: mwalimu wa Kitale na mwenziwe wa Bungoma huweza kuhudhuria warsha moja pasipo nauli wala malazi. Hata hivyo, si kila mjuzi wa lugha ni mwezeshaji mwema wa warsha ya namna hii. Makala haya yanakusudia kueleza mambo machache ambayo mwezeshaji mpya hana budi kuyafahamu, hususan anayeshughulikia matamshi. Hoja yetu ni kwamba mwezeshaji asiyejua chombo chake kinaifanya nini sauti huweza kumhukumu mwalimu kwa kosa ambalo hakulitenda.

2. Mafunzo ya mbali si mageni

Mwaka 1967, Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi kilianzisha huko Kikuyu kitengo cha masomo kwa njia ya posta, ambacho miongoni mwa kazi zake kilikuwa kuwaelimisha walimu wa shule za msingi waliokuwa kazini. Masomo yaliyopigwa chapa yaliambatana na vipindi vya redio, na wanafunzi walikutana ana kwa ana kwa vipindi vifupi. Funzo tunalolipata hapo ni kwamba sauti ya mbali haikuachwa ifanye kazi peke yake. Mwanafunzi alikuwa na maandishi mkononi kabla ya kufungulia redio. Mwezeshaji wa leo naye yafaa apeleke matini yake mapema, tena katika umbo jepesi linalofunguka katika simu ya kawaida.

3. Sauti na chombo

Walimu wengi wa Bungoma, na wengi wa Kitale pia, wana Lubukusu kuwa lugha yao ya kwanza. Katika Lubukusu, vipasuo ghuna [b], [d] na [g] hutokea baada ya nazali tu, yaani katika mb, nd na ng. Mahali pengine hutumika [p], [t] na [k]. Kwa hiyo mzungumzaji wa Lubukusu huelekea kutamka bata kama pata, dua kama tua, na goma kama koma. Jambo hili lina kanuni, na mwalimu akielezwa kanuni yenyewe hujirekebisha upesi zaidi kuliko akiambiwa tu kwamba amekosea.

Kuna jozi nyingine ambazo mwezeshaji apaswa kuzisikiliza kwa hadhari: samani na thamani, zana na dhana. Simu ya kawaida hupitisha masafa ya sauti baina ya hezi 300 na 3400 hivi, ilhali sehemu kubwa ya nguvu ya [s] huwa juu ya hezi 4000. Sauti hiyo ikikatwa, [s] na [θ] hukaribiana mno masikioni mwa msikilizaji. Programu za mikutano hupitisha masafa mapana zaidi mtandao ukiwa imara, lakini ukidhoofu hupunguza upana huo. Aidha, programu zinazoondoa kelele huweza kumeza mwanzo wa neno. Basi mwezeshaji anayesikia "samani" asiseme papo hapo kwamba mwalimu ameshindwa kutamka "thamani". Inawezekana kosa limetendwa na mtandao njiani.

Dawa yake ni rahisi. Mshiriki na ajirekodi katika simu yake mwenyewe, kisha alipeleke faili baadaye. Sauti iliyorekodiwa hivyo haiathiriwi na kudhoofu kwa mtandao wakati wa kusema, nayo huweza kusikilizwa mara nyingi kabla ya kutolewa hukumu.

4. Kimya cha washiriki

Mwezeshaji mpya aghalabu huogopa kimya, akakijaza kwa maneno yake mwenyewe. Kimya cha mtandaoni kina sababu nyingi: umeme umekatika, vifurushi vya data vimekwisha, au mshiriki ameketi mahali penye kelele. Iko sababu nyingine iliyo nzito zaidi. Mwalimu mwenye umri mkubwa hatapenda kusahihishwa matamshi mbele ya vijana aliowafundisha. Akifedheheshwa mara moja, atazima kipaza sauti chake siku zote, na huenda akarudi darasani akikwepa kusoma kwa sauti mbele ya wanafunzi wake. Hapo warsha itakuwa imeharibu kile ilichokuja kukijenga.

5. Utaratibu unaofaa

Tunapendekeza mambo yafuatayo:

(a) Maamkizi yasirukwe. Kila mshiriki aitwe kwa jina na kwa heshima anayostahili, na mwezeshaji apate hapo nafasi ya kupima sauti ya kila mmoja.

(b) Wawezeshaji wawe wawili: mmoja afundishe, wa pili asome ujumbe na kuwasaidia waliopotea hewani.

(c) Kipindi kisizidi dakika 90, na maelezo ya mwezeshaji yakatizwe na kazi ya washiriki kila baada ya muda mfupi.

(d) Washiriki wagawanywe wawili wawili, wasikilizane kabla ya kusema mbele ya wote.

(e) Masahihisho ya mtu binafsi yatolewe faraghani. Mbele ya wote ielezwe kanuni tu.

6. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba uwezeshaji wa mtandaoni wahitaji elimu ya fonetiki pamoja na adabu. Ni wajibu wa idara zetu za lugha kuwapa wawezeshaji wapya elimu hiyo kabla ya kuwakabidhi walimu. Mwalimu wa Kitale au Bungoma akitoka katika warsha akiwa anaelewa tofauti ya mfumo wa sauti wa lugha yake na ule wa Kiswahili, pasipo kuionea haya lugha ya mama yake, hapana shaka kazi itakuwa imefanyika.